Dondoo muhimu: Msaada wa kulinda udongo na miti, Rughenda na vilima vya Butembo na Beni

• Ungana. Miradi ya kupanda miti kama EcoMakala, ulioanzishwa na shirika la WWF Kivu Kaskazini mwaka 2007, ilipitia vyama vya wapanda miti. Jiunge na chama au koperative yenye hati.

• Jua sheria. Sheria ya kilimo Na. 11/022 ya 24 Desemba 2011 iliweka Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Kilimo. Muulize agronomo wa eneo lako kama kuna msaada uliofunguliwa.

• Lindeni msitu wenu. Dekreti Na. 14/018 ya 2014 inairuhusu jamii kuomba msitu wake bila malipo, hadi hekta 50,000.

• Tayarisha ushahidi. Hati ya shamba, ukubwa wake, picha za mmomonyoko, majina ya wanachama.

• Anza mwenyewe. Chimba mifereji ya kukinga maji, panda grevilea mipakani.

• Jihadhari. Usimpe yeyote pesa bila risiti yenye muhuri.

Mkulima mwenzangu, udongo ukishuka bondeni haurudi. Anza msimu huu.