Maneno Yafichwayo Katika Nyimbo
Fundisho kwa wainjilisti na washarika



Swali limetufikia kutoka kwa vijana wa kwaya, huko Hanang na hapa Mbulu pia: Je, ni kweli kwamba katika nyimbo za Wazungu ziitwazo roki yamo maneno ya Shetani, yasikikayo wimbo ukipigwa kinyumenyume? Tena tumepata habari ya baba mmoja aliyemfukuza mwanawe nyumbani kwa ajili ya nyimbo zilizokuwa katika simu yake. Kwa kuwa jambo hili limekwisha kutenga baba na mwana, yatupasa kulichunguza.

Kwanza tujue jinsi lifanyikavyo. Sauti iliyonaswa katika ukanda au santuri yaweza kuzungushwa kinyume, mwisho ukatangulia na mwanzo ukafuata. Neno “lima” litasikika kama “amil”. Waimbaji wa Uingereza waitwao Beatles walifanya hivyo kwa makusudi mwaka 1966, mwishoni mwa wimbo wao “Rain”, na baada yao wengine wakatia maneno ya mzaha. Basi hila yenyewe ipo, hatuikatai.

Lakini si kila neno linaloshtakiwa lilitiwa na mtu. Mwaka 1982, huko California katika Marekani, wimbo “Stairway to Heaven” wa Led Zeppelin, uliotoka mwaka 1971, ulipigwa kinyume mbele ya kamati ya Baraza la kutunga sheria, na watu wakasema wamsikia Shetani akisifiwa.

Ndipo waalimu wawili wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, John Vokey na Don Read, wakalipima jambo hili, wakatangaza habari zake mwaka 1985. Walinasa sauti ya mtu asomaye, wakaigeuza. Wasikilizaji hawakuweza kubagua kama maneno yaliyogeuzwa ni ya Kikristo, au ya kishetani, au ni tangazo la biashara. Walikisia tu, kama wapigao kura. Lakini walipotajiwa maneno ya kutegea sikio, wengi waliyasikia mara, ijapokuwa hakuna aliyeyaweka. Na mojawapo ya masomo waliyoyageuza ilikuwa Zaburi ya 23! Je, tuseme kwamba Daudi alificha neno baya katika Zaburi ya Mchungaji? Hasha.

Sisi wa nchi hii twaweza kulifahamu jambo hili upesi, maana twaishi kati ya lugha nyingi. Mwiraqw asiyejua Kidatoga, akisikia Wadatoga wakiimba mnadani Katesh, huenda akadhani amesikia neno la kwao. Mwimbaji hakulisema, sikio limejitafutia lile lilijualo. Na rafiki yake akimwambia, “Sikiliza, wanatutukana,” atalisikia tusi hilo hata jioni.

Tusiwacheke walioamini. Mwezi wa Desemba mwaka 1985, katika jimbo la Nevada, vijana wawili walijipiga risasi. Mmoja alikufa pale pale, wa pili akafa mwaka 1988. Jamaa zao waliwashtaki waimbaji wa Judas Priest, wakisema wimbo wao una amri iliyofichwa. Mwaka 1990 hakimu wa Reno aliamua kwamba sauti ile ilitokea kwa bahati, kwa muungano wa pumzi ya mwimbaji na mlio wa gitaa, wala haikukusudiwa. Uchungu wa wazazi ulikuwa wa kweli, lakini aliyeshtakiwa hakuwa na hatia hiyo.

Hapa ndipo Amri ya Nane inapotugusa. Kumtia mwenzako kinywani neno asilolinena ni kumsingizia, hata ukifanya hivyo kwa bidii ya dini. Katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, watu wakasema ni dalili ya uchawi. Kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Atafutaye alama za siri hazikosi, na mwenye kuumia ni jirani yake.

Basi wewe mwinjilisti, kijana akikuletea wimbo, usiugeuze. Usikilize jinsi ulivyoimbwa, ukamwulize: Maneno haya yasema nini waziwazi? Yakisifu ulevi au uasherati, mwonye kwa hayo, maana yako mbele ya watu wote. Yakiwa hayana ubaya, usimwongezee hofu. Shetani hatupi nguvu zaidi ya alizo nazo sisi tusipompa kwa kuogopa vivuli. Na baba yule tumemsihi amwite mwanawe, wakae pamoja, wausikilize wimbo tangu mwanzo hata mwisho.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini wasikilizaji walisikia maneno baada ya kutajiwa tu?
2. Amri ya Nane yatufundisha nini juu ya kumshuku mtu tusiyemjua?
3. Katika mtaa wenu, ni nani anayeumia leo kwa dalili zisizo na ushuhuda?

Bwana awape masikio ya kusikia na moyo wa haki.