Pima Kasha Kwanza, Kadi Baadaye

Safari hii swali limetoka kwa kijana wa Buyenzi, hapa Bujumbura, anayehariri video za harusi. Ana kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex, yale makasha membamba yaliyostaafu maofisini huko Ulaya yakaja kuanza maisha mapya kwetu. Akiba anayo, binamu yake yuko Dar es Salaam, na huko Kariakoo ameona kadi ya grafiki ya RTX 3060 iliyotumika kidogo. “Dada, nichukue?” Hapana, mdogo wangu. Usichukue. Na kabla hujaninunia, kaa nikueleze.

Sina ugomvi na kadi hiyo. Ina memori ya GB 12, na kwa kazi ya video ni kadi ya kuringia. Tatizo ni kasha lako. Kadi ya kawaida ina kimo cha sentimita 12 hivi. Kasha lako linataka kadi fupi, ya sentimita 8 hivi. Hata ukiamua kufanya kazi kifuniko kikiwa wazi, RTX 3060 inakula wati 170, na kampuni yenyewe, NVIDIA, inashauri powa saplai ya wati 550. Yako imeandikwa ngapi? Fungua usome kibandiko. Kwenye OptiPlex nyingi za umbo hilo utakuta 240, nyingine 180 tu, na hizo ni za kugawana na prosesa, diski na kila kitu kingine.

Mwenzako aliyeko Brussels akikosea anairudisha kadi dukani na risiti yake. Wewe kadi yako imepanda basi Dar, imevuka mpaka wa Kobero, imelipiwa ushuru, na kila aliyeibeba ana chake. Isipoingia kwenye kasha, hairudi. Utaiuza kwa hasara kwa mtu anayejua kuwa umebanwa. Ndiyo maana nasema sisi wa Bujumbura tunapaswa kupima kwa makini kuliko wao.

Kwa hiyo nenda kwa fundi cherehani wa jirani umuombe futikamba. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko. Anza kwenye bati la nyuma, pale zinapochomekwa nyaya za monita, upime hadi kitu cha kwanza kinachozuia mbele, iwe ni diski, feni au rundo la nyaya. Punguza sentimita mbili za kupumulia. Kisha tazama unene: sloti moja huchukua sentimita 2 hivi, na kadi nyingi huchukua mbili. Hapo pana mtego ambao wauzaji hawausemi. Kwenye baadhi ya OptiPlex nyembamba, ile sloti ndefu imekaa ubavuni kabisa mwa powa saplai. Kadi nene ama haiingii, ama inaingia kwa kusukumwa, na feni yake inabaki imetazama ukuta wa chuma bila hewa ya kuvuta.

Ukinunua kadi fupi, uliza pia lile bati dogo la kuishikilia. Kadi fupi mpya kwa kawaida huja na mabati mawili, refu na fupi. Ikishauzwa mara mbili tatu, bati fupi huwa limepotea, na bila hilo kadi itaning'inia kwenye sloti. Mwambie binamu akutumie picha ya bati kabla hajatoa pesa.

Sasa umeme. Sloti yenyewe humpa mgeni wake wati 75, basi. Powa saplai ya ofisini mara nyingi haina ule waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo tafuta kadi inayotosheka na sloti. Wapo watakaokuuzia kiunganishi cha kuchukua umeme kutoka waya wa diski. Waachie wenyewe, maana viunganishi vile vinajulikana kwa kuyeyuka. Kuna GTX 1650 fupi, lakini hakikisha ni toleo lisilo na tundu la waya. Kuna RTX A2000 ya wati 70. Kuna RTX 3050 iliyotoka mwaka 2024, ya GB 6, nayo wati 70. Angalia vizuri hapo: 3050 ya zamani ya GB 8 inakula wati 130 na inataka waya. Jina moja, kadi mbili tofauti, na muuzaji mwenye haraka hatakukumbusha. Zote hizi, katika umbo fupi, mara nyingi huchukua sloti mbili. Kama futikamba imekuambia una sloti moja tu, mdogo wangu, waulizie T1000. Ni nyembamba, fupi, wati 50. Matundu yake ya monita ni madogo, hivyo nunua na kiunganishi chake hapohapo.

Kuna nyingine mbili utakazoshawishiwa nazo kwa bei. GT 1030 inakula wati 30 na haina makuu, ila haina sehemu ya kusimba video, ambayo ndiyo ingekuharakishia kazi ya kutoa harusi ya saa tatu. RX 6400 nayo haina, na kwenye kompyuta za zamani inapungua nguvu zaidi kwa sababu inatumia njia 4 tu kati ya 16 za sloti. Kwa mchezaji wa gemu mwenye kompyuta mpya sawa. Kwa mpiga video wa Buyenzi, hapana.

Tuje kwenye joto, na hapa naomba mnisikilize hata nyie wenye makasha makubwa. Wanaopima kadi kwa ajili ya magazeti hupima kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Kadi hupozwa na hewa ya chumba, haiwezi kuwa baridi kuliko hewa hiyo. Chumba chako cha mabati saa nane mchana mwezi wa Septemba kimefika 30 na kitu. Ile tofauti ya nyuzi 8 au 10 inahamia kwenye kadi karibu yote. Ukisoma kwamba kadi fulani inafika nyuzi 74, wewe hesabu 83, na 83 ndipo kadi nyingi za NVIDIA huanza kupunguza kasi ili zijiokoe. Shemeji yako wa Gitega, kule juu milimani, anaweza kuwa na kadi ileile asione shida yoyote.

Feni ziko za namna mbili. Moja hupuliza joto nje kupitia nyuma ya kasha, ina kelele. Nyingine, yenye feni mbili au tatu za wazi, hupoza kadi vizuri lakini joto hulimwaga ndani ya kasha. Kama kasha lako halina feni ya kutosha ya kutoa hewa, vumilia kelele.

Na jamani, vile vitambaa vya kudarizi juu ya kompyuta! Naelewa sebule lazima ipendeze. Lakini nimeona kitambaa kimefunika matundu yote ya hewa, na mwenye kompyuta analalamika kuwa inajizima. Kiondoe. Iinue kompyuta kutoka sakafuni, itoe kwenye kabati. Kiangazi, kuanzia Juni, vumbi halina huruma, hivyo ipulize mara kwa mara, na ukipuliza shika feni kwa kidole isizunguke. Halafu weka programu ya MSI Afterburner ushushe kikomo cha umeme hadi asilimia 80. Joto litashuka kuliko kasi itakavyoshuka, na UPS yako itakushukuru siku umeme ukikatika.

Kuhusu mitumba: Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Siyo zote mbovu. Feni ndizo huchakaa, na ile pesti iliyo kati ya chipu na chuma hukauka. Ibadilishe kabla ya kulaumu kadi. Kibaya zaidi ni kadi bandia, chipu ya zamani ya GTS 450 iliyobandikwa jina la GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi. Binamu aiwashe hapohapo dukani, aiendeshe nusu saa, apige picha ya nyuzi joto.

Na wengine mnaotaka kuniandikia, nileteeni namba nne: urefu, kimo, unene, na wati za powa saplai. Asiyepima sitamjibu.