Kiti cha Mfalme na Sauti ya Raia

Vijana huuliza kwa nini watu wa Ulaya waliinuka juu ya wafalme wao, na jambo hilo latuhusu nini sisi wa Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa. Swali hilo lastahili jibu.

Mwezi wa Februari 1848 watu wa Paris walimwangusha Mfalme Louis Philippe. Machi moto ukafika Vienna na Berlin. Waliotangulia mbele walikuwa mawakili, waalimu, wafanya biashara na wenye magazeti: watu wa elimu na mali ya kadiri, lakini wasio na sauti katika utawala. Kwanza, walidai katiba, ili mfalme naye awe chini ya sheria. Pili, bunge la kuchaguliwa, kodi isitozwe bila idhini yake. Tatu, uhuru wa magazeti na wa kukutana. Nne, mahakama zisizoamriwa na mtawala. Ufaransa ilikuwa na watu wapatao milioni 35, na wenye kura hawakufika robo milioni, kwa kuwa kura ilifuata kiasi cha kodi.

Baada ya ushindi wanaume wote walipewa kura. Walakini wenye mali, walipokwisha kupata yao, walimsahau maskini. Mwezi wa Juni karakana zilizowapa kazi wasio na ajira ziliamriwa kufungwa; vibarua wakainuka, damu ikamwagika. Askofu Mkuu Denis Affre alikwenda penye maboma ya barabarani kuomba amani, akapigwa risasi tarehe 25, akafa tarehe 27.

Kwetu Tanganyika utawala wa machifu ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1963, pasipo vita. Chini ya Waingereza chifu alikusanya kodi, akatoa amri, tena akaamua kesi. Mwaka huo huo Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris, alifundisha kwamba kushiriki katika mambo ya nchi ni haki itokayo katika utu wa mtu.

Lakini kuondoa kiti si kuondoa tabia ya kiti. Wakulima wa tumbaku wa Ungoni na Umatengo walikuwa na chama chao cha ushirika tangu 1936. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na 1976 vyama vikuu vya ushirika. Sheria za 1982 zikafungua njia ya kuvirudisha. Hapakuwa na mfalme, hata hivyo sauti ya mkulima ilizimwa.

Basi, enyi wazazi, wafundisheni watoto kwamba haki isiyotumiwa hufifia. Sheria yaagiza mkutano wa kijiji walau kila miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Mkulima wa kahawa wa Mbinga na mvuvi wa Mbamba Bay waende, wasikilize hesabu, waulize kwa adabu wala wasiogope. Tena wamkumbuke mjane na kibarua, wasije wakawa kama wale wa Paris, waliojidai haki wakaisahau ya jirani.