MAISHA YA MBOLOKO

Mboloko tunamujua sana akiisha kukaushwa kwa moshi, pale sokoni. (Hata mimi namupenda, sikatai.) Lakini mzima porini anaishi namna gani?

Ni wa jamaa ya paa, mdogo, karibu kilo 5 tu. Mchana anatembea, usiku analala. Anafuata kima na ndege chini ya miti, anaokota matunda wanayoangusha. Dume na jike wanakaa wawili katika kipande chao cha pori, hawahamihami. Wanapaka miti majimaji yanayotoka chini ya macho, njo mpaka wao. Jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mara moja.

Wambuti wa Ituri wanamuwinda kwa nyavu, kisha wanahamisha kambi. Mtego wa waya unabaki palepale usiku na mchana, unakamata hata jike mwenye mimba.