Dalili za Ugonjwa wa Gari na Maana Yake: Maelezo kwa Wakulima wa Karatu

Mfugaji mwangalifu hangoji ng'ombe wake aanguke. Humtazama asubuhi zizini, akaona masikio yamelegea, manyoya yamesimama, wala hacheui. Mara hujua kuwa ni mgonjwa, akatafuta dawa mapema. Gari nalo lina dalili zake. Halina kinywa, lakini husema kwa moshi, kwa sauti, kwa harufu, na kwa matone yanayoanguka chini yake. Asiyezijua dalili hizo humlipa fundi maradufu, na pengine hupoteza roho za watu.

Nchi ya Karatu ni nzito kwa magari. Toka Mto wa Mbu njia hupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Toka mjini Karatu hupanda tena hata ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, kadiri ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari. Naye aendaye Mang'ola kuchukua vitunguu hushuka mpaka karibu na Ziwa Eyasi, penye joto na vumbi, kisha hurudi akipanda na mzigo. Basi yakupasa uzijue dalili hizi kabla ya kupakia.

1. Maji kuchemka. Mshale wa joto ukipanda, au ukiona mvuke mbele ya gari, simama mahali pa salama, uzime injini. Usiseme, "Nitafika juu kwanza." Injini iliyopata moto kupita kiasi huweza kupinda silinda hedi, na gharama yake yaweza kumeza faida ya mavuno. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali cha moto, maana maji yatakurukia usoni na kukuunguza. Tena fahamu kuwa kadiri unavyopanda, maji huchemka upesi zaidi. Pwani huchemka kwa digrii 100. Ukingoni mwa Ngorongoro huchemka kwa digrii 92 hivi. Kifuniko kizima hubana mvuke na kuyazuia yasichemke upesi. Kilicholegea hakifai mlimani. Ngoja injini ipoe, ndipo uongeze maji polepole. Kisha tafuta sababu: mpira uliopasuka, mkanda wa feni uliolegea, au rejeta iliyozibwa na matope na nyasi.

2. Moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikiwa umetoka njia ya vumbi, tazama kwanza chujio la hewa, huenda limeziba. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua ndani ya injini, nayo ni dalili ya injini kuchakaa. Moshi mweupe wataka busara. Asubuhi ya baridi mvuke mweupe hutoka, ukakoma injini ipatapo joto. Huo si ugonjwa. Lakini ukiendelea kutoka mwingi, na maji ya rejeta yapungua pasipo kuvuja nje, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Usisafiri, mwite fundi.

3. Taa nyekundu ya oili. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, zima injini mara tu uwezapo kusimama salama. Usihesabu kilometa zilizobaki. Vyuma vikisuguana bila oili huharibika kwa muda wa dakika chache tu. Pima oili kwa kijiti chake, gari likiwa mahali pa tambarare. Ikiwa imepungua, ongeza. Ikiwa imetimia na taa ingali yawaka, usiwashe injini tena hata fundi aje.

4. Gari kukataa kuwaka. Sikiliza. Ikiwa ni mlio mdogo tu na taa zafifia, betri imeisha nguvu, au vichwa vyake vimeshika ungaunga mweupe; vifute na kuvikaza. Ikiwa injini yazunguka vema lakini haishiki, tazama mafuta. Katika injini ya dizeli, mara nyingi hewa imeingia katika mabomba, au maji yamo katika chujio. Katika injini ya petroli, tazama plagi pia.

5. Breki. Dalili hii ni kubwa kupita zote. Mlio mkali wa kukwaruza maana yake pedi zimekwisha, na chuma chakula chuma. Pedali ikizama kama unakanyaga sponji, hewa imeingia au mafuta ya breki yanavuja. Tazama ndani ya magurudumu. Gari likivuta upande mmoja ufungapo breki, gurudumu moja halishiki sawa na mwenzake. Harufu ya kuungua mteremkoni yaonya kuwa breki zimepata moto, na breki za moto hazishiki. Simama zipoe, wala usizimwagie maji. Shuka kwa gia nzito, ile ambayo ungeitumia kupanda pale pale, ili injini yenyewe izuie mwendo. Kamwe usishuke gia ikiwa huru kwa kutaka kuokoa mafuta.

Tarehe 6 Mei 2017, basi la shule lilitumbukia katika korongo la mto Marera, huko Rhotia, wakafa watu zaidi ya 30, wengi wao wanafunzi. Hatusemi kuwa chanzo kilikuwa breki. Twakumbusha tu kwamba miteremko ya nchi hii haimpi mtu nafasi ya pili.

Basi kila asubuhi, kabla ya kupakia gunia la kwanza, tazama maji, oili, mafuta ya breki, mkanda wa feni na magurudumu. Kisha inama uangalie chini ya gari kama pana matone. Kazi hiyo haizidi robo saa. Ukiona dalili usiyoielewa, acha mzigo ungoje. Vitunguu vikichelewa siku moja vyaweza kushuka bei; gari likikosa breki mlimani, hasara yake hailipiki.