Inhela ya bluu kila siku

Swali: Nina pumu. Navuta inhela ya bluu kila siku na napata nafuu. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Salbutamoli, dawa iliyo ndani ya inhela ya bluu, hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa 4 hadi 6 tu; uvimbe ulio ndani haiugusi, na huo ndio unaoleta shambulio. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haushauri mtu mzima aitegemee peke yake. Kumaliza makopo 3 au zaidi ya inhela ya bluu kwa mwaka ni dalili ya hatari. Uvimbe hutulizwa na dawa ya kuzuia, yaani steroidi ya kuvuta. Wengi huogopa steroidi, lakini ile ya kuvuta ni kiasi kidogo kiendacho moja kwa moja mapafuni. Sukutua mdomo ukishavuta steroidi hiyo. Ya bluu usiitupe. Nenda nayo kliniki wiki hii, watazame unavyoivuta, nawe uombe dawa ya kuzuia.