Darubini ya Kijiji: Kuichagua, Kuirekebisha na Kuitunza



Katika vijiji vingi vilivyo kando ya hifadhi za wanyama, jua likianza kuzama ndipo kazi inaanza. Mahindi yamekomaa, na tembo wanajua. Mlinzi wa mashamba anasimama juu ya kichuguu na kutazama. Je, weusi ule kule bondeni ni kichaka, au ni tembo? Kama haoni vizuri, atasogea karibu. Na kusogea karibu ndiko kunakoua watu.

Somo letu la leo ni juu ya darubini. Tunasema ile ya macho mawili, inayovaliwa shingoni. Darubini ya kufungwa juu ya bunduki ni chombo kingine, lakini namba zake na vioo vyake vinafuata kanuni hizi hizi.

Tulitembelea kijiji kimoja karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Wanakijiji walikuwa wamechanga fedha na kununua darubini mpya. Ilikuwa kubwa na nzito, imeandikwa 20x50. Mzee mmoja wa kikundi cha ulinzi akatuambia, "Mwalimu, muuzaji alisema hii ndiyo inayoona mbali kuliko zote."

Tukapanda naye kilimani. Saa kumi alasiri tuliona vitu vya mbali, ingawa picha ilikuwa ikitetemeka sana. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu, ndani ya darubini kukawa giza tupu. Kwa macho yetu wenyewe tuliona zaidi. Mzee akaishusha, akatikisa kichwa. "Kumbe tumenunua darubini ya mchana, na tembo wanakuja usiku!"

Kosa lilikuwa wapi? Jibu lilikuwa limeandikwa pale pale juu ya darubini. Kila aliyehitimu kisomo anaweza kulisoma.

1. KUSOMA NAMBA

Tuchukue darubini iliyoandikwa 8x42. Husomwa "nane kwa arobaini na mbili".

Namba ya kwanza, 8, inaonyesha darubini inakuza mara ngapi. Tembo aliye mita 800 ataonekana kana kwamba yuko mita 100.

Namba ya pili, 42, ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo hiki ni kama mdomo wa pipa la kukingia maji ya mvua. Mdomo mpana hukinga maji mengi. Kioo kipana hukinga mwanga mwingi.

Sasa fanya hesabu. Gawanya namba ya pili kwa namba ya kwanza. 42 gawanya kwa 8 ni 5.25. Huo ni upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalotoka kwenye darubini na kuingia jichoni.

Kwa nini hesabu hii ina maana? Mchana mboni ya jicho huwa ndogo, kama milimita 2 au 3. Gizani hupanuka ili ipokee mwanga mwingi. Kwa kijana inaweza kufika milimita 7. Kwa mtu mzima wa makamo au mzee, mara nyingi haizidi 5. Basi tuangalie darubini hizi:

7x50: hutoa milimita 7 na kidogo
8x42: hutoa milimita 5.25
10x50: hutoa milimita 5
10x25: hutoa milimita 2.5
20x50: hutoa milimita 2.5

Mnaona? Ile 20x50 hutoa duara la milimita 2.5 tu. Mchana inatosha. Magharibi mboni imefunguka kama mlango, lakini mwanga unaoingia ni mwembamba kama uzi.

Tena kuna jambo la pili. Darubini inayokuza mara 20 hukuza na mtetemeko wa mikono yako mara 20. Ikizidi 10, ni vigumu kuishika kwa mikono mitupu. Inataka kuwekwa juu ya kigingi.

Kwa kazi ya kulinda shamba jioni, tafuta inayokuza mara 7 au 8, yenye kioo cha mbele cha milimita 40 hadi 50. Namba kubwa siyo ubora.

2. DUKANI

Namba peke yake haitoshi. Usitoe fedha kabla ya kufanya mambo haya manne:

(a) Itikise taratibu karibu na sikio. Ikilia ndani, kuna kitu kimelegea. Iache.

(b) Toka nje ya duka. Tazama ukingo wa bati au nguzo iliyo mbali. Kama unaona vitu viwili badala ya kimoja, vioo vya ndani havilingani. Itakuumiza kichwa kila siku.

(c) Igeuze, tazama ndani kupitia kioo kikubwa huku upande wa pili ukielekea mwanga wa mchana, siyo jua. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Jambo hili ni la lazima hasa kwa darubini iliyokwisha tumika.

(d) Tazama rangi ya vioo vya mbele. Vile vinavyong'aa wekundu kama taa ya nyuma ya gari huwavutia watu, lakini vingi hurudisha nje mwanga unaouhitaji. Rangi hafifu ya kijani au zambarau ni afadhali.

3. KUIREKEBISHA

Macho ya watu hayafanani. Hata jicho lako la kulia na la kushoto huenda yanatofautiana. Kwa hiyo kila mtu arekebishe kabla ya kutumia.

Kwanza, ikunje au ikunjue katikati mpaka uone duara moja, siyo mawili.

Pili, funga jicho la kulia. Tazama kitu cha mbali kwa jicho la kushoto. Zungusha kigurudumu cha katikati mpaka kitu kile kionekane wazi.

Tatu, funga jicho la kushoto. Tazama kitu kile kile kwa jicho la kulia. Usiguse kigurudumu cha katikati. Zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka uone wazi. Darubini nyingi zina pete hiyo upande wa kulia.

Nne, fungua macho yote mawili. Sasa umemaliza. Kuanzia hapo tumia kigurudumu cha katikati peke yake. Kumbuka alama ilipo kwenye pete yako, ili mwenzako akiigeuza uweze kuirudisha.

Kama unavaa miwani, kunja au shusha mipira ya machoni, utazame ukiwa na miwani yako.

4. KUITUNZA

Darubini nyingi huharibika kwa kufutwa vibaya kuliko kwa kutumiwa. Vumbi letu lina chembe za mchanga. Ukifuta kioo kwa shati au kwa pindo la kanga, unakisugua kwa mchanga, na mikwaruzo haitoki tena.

Fanya hivi. Kwanza puliza vumbi au liondoe kwa brashi laini na safi. Kisha hohoa kwa pumzi yako ili kioo kipate unyevu. Mwisho futa polepole kwa kitambaa laini cha pamba, kilichofuliwa na kisichofanya kazi nyingine. Usitumie mate, sabuni ya unga wala majivu.

Adui wa pili ni unyevu. Kuvu humea ndani ya vioo mahali penye joto na unyevunyevu. Ikinyeshewa, ifute, iache ikauke kivulini penye hewa kabla ya kuiweka mkobani. Vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya hunyonya unyevu. Viweke pamoja nayo sandukuni, mbali na watoto.

Usiifungue kwa bisibisi. Ukilegeza vioo vya ndani, utaona vitu viwili viwili. Ivae shingoni wakati wote, maana ikianguka jiweni mara moja tu, fedha za kijiji zimekwenda.

Darubini ya wengi iwe na daftari. Andika tarehe, jina la aliyeichukua, saa aliyoirudisha, na hali yake. Hapo ndipo kisomo kinapolinda mali.

5. HATARI

Usitazame jua kwa darubini, hata mara moja. Itakupofusha. Usiwaachie watoto waichezee.

Tena, darubini haimzuii tembo. Kazi yake ni kukuonyesha mapema, ungali mbali. Ukishaona, usimfuate. Warudishe watu nyumbani, mpe taarifa askari wa wanyamapori, na mfuate njia mliyokubaliana kijijini.

Wale ndugu zetu wa Mikumi hawakuitupa darubini yao. Fundi seremala aliitengenezea kigingi, na mchana inatumika kukagua bonde. Walichanga tena kwa ajili ya ile ya jioni. Safari hii mzee alikwenda dukani mwenyewe, na karatasi ya hesabu mfukoni. Muuzaji alipomwonyesha iliyo kubwa, alimwambia, "Mwanangu, nipe 8x42."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Darubini ya 12x30 hutoa duara la milimita ngapi? Je, inafaa kwa kazi ya jioni?
2. Darubini ya kijiji chenu, au mtakayoinunua, itatunzwa na nani? Daftari litakaa wapi?
3. Kwa nini tusifute kioo kwa shati?
4. Mlinzi akiona tembo kwa mbali, katika kijiji chenu ni nani anayepewa taarifa kwanza, na kwa njia gani?